Kabati la Hamsini na Tatu

Naitwa Etelka. Natunza funguo za hamamu
mwaka wa ishirini na sita huu.
Najua nani soksi zake zina matundu,
nani huficha chupa ndani ya kiatu.

Hamsini na tatu ni la Rezső.
Mna barua ya bintiye, imefika tangu Pasaka,
haijafunguliwa.
Kila Jumanne mvuke huipenya, bahasha ikatuna
kama shavu la mtoto mwenye jino bovu.
Yeye huisogeza kando, achukue sabuni,
kisha huyo, maji ya moto hadi kifuani,
ubao wa sataranji ukielea mbele yake,
anamwambia Ottokár:
"Ngoja kwanza, ngoja, farasi wangu yuko taabani."

Farasi wa mti!
Nami nakaribia kucheka,
halafu nakumbuka mwaka ule wa plamu.

Manispaa ilituletea beni ya matarumbeta,
nguruwe mzima juu ya makaa, brandi ya bure,
na shindano la kurusha viatu vya mpira.
Tulicheka mpaka mbavu zikaomba radhi.
Nilirusha changu, nikashika nafasi ya tatu,
nikatunukiwa sufuria.
Usiku uleule, ng'ambo ya mashamba ya alizeti,
watu wenye taa vichwani waling'oa reli yetu,
taruma kwa taruma.
Mlio ulitufikia. Chuma hakijui kunong'ona.
Mtu mmoja akasema, "Ni ngoma hiyo, chezeni!"
Tukacheza.

Mtu huyo ni mimi.

Sufuria ninayo. Napikia kabichi, haishiki chini,
siwezi kuisingizia.
Ila treni ya Debrecen haiji tena,
na basi hupita Alhamisi tu, likipenda.
Binti angetaka kuja, angekuja na nini?
Pengine ndilo aliloandika. Pengine silo.

Jumanne iliyopita niliingiza taulo kavu mle ndani
nikakuta gundi imeachia yenyewe.
Karatasi imechungulia, mstari mmoja, wino umevimba:
"Baba, usiponijibu safari hii"
na mkunjo ukameza yaliyobaki.

Nilisimama na ufunguo mkononi.
Kule majini Ottokár alikuwa akipiga kelele, "Mfalme wako! Mfalme!"
Nikafunga kabati taratibu,
nikarudi kwenye kiti changu, kwenye fumbo la gazeti:
mto wa Asia, herufi tano.

Nikazama humo hadi jioni.