Gogo Namba Kumi na Nne

Tiketi ya wazee ni nusu bei.
Bibi Mirdza akahesabu sarafu, akacheka kwa pua:
"Nilizaliwa humo bure."

Tukapita kinu cha upepo kisichosaga,
kanisa la mbao lisilo na mchungaji,
msichana mwenye sketi ya sufu ya mistari
akisokota uzi, simu ikimwakia mapajani.
Kisha, mkabala na choo cha wageni, ikatokea.

Waliibomoa gogo kwa gogo
serikali ilipoamua mto uwe bwawa,
wakaipakia lori, wakaiunga upya hapa,
kilomita sabini kutoka kizingiti chake.
Kila gogo lingali na namba ya chokaa
kama ng'ombe wa mnadani.

Hakuingia. Aliizunguka kwanza,
polepole, mikono nyuma,
kama mtu anayeuziwa farasi kilema.
"Mlango ulitazama mashariki," akasema.
"Leo unatazama choo."

Ndani, kamba nyekundu. Kibao: *Usiguse.*
Susu ya mtoto wameitundika dirishani.
"Dirishani! Januari!
Sisi sote saba tungeganda."
Na mguu wake wenye nyonga ya chuma
ukavuka kamba.

Raitis, kijana wa zamu, akaja mbio:
"Mama, hairuhusiwi…"
Bibi alikwishapiga magoti,
mkono umezama hadi kiwiko
nyuma ya jiko, penye ufa wa ukuta.
"Meno yetu ya utotoni tuliyatupa humu,
panya atuletee ya chuma."

Akapapasa.
Akapapasa.

"Matofali ni mapya," kijana akanong'ona,
amevua kofia bila kujua.
"Ya zamani yalibaki chini ya maji."

Bibi akautoa mkono. Ulikuwa safi.
Ubaya ulikuwa huo, kwamba ulikuwa safi.

Nadhani ni kwa kumhurumia mvulana
ndipo akamwonyesha kidole darini:
gogo namba kumi na nne, tundu jeusi la ndoano.
"Susu ilining'inia pale. Juu ya joto. Andika."
Raitis hakuwa na karatasi. Akaandika kiganjani.

Makumbusho, nikawaza,
na yenyewe hukumbushwa.

Langoni nikaona shingo yake iko wazi.
"Bibi, shali yako! Umeiacha msumarini."
Hakugeuka. Alikuwa akimenya yai la kuchemsha,
chumvi imefungwa kwenye tiketi.
"Iache.
Kesho wataipa namba."