Deni la Yesid

Walikurudisha Jumanne, mdogo wangu,
kwa lori la kijani lililopotea njia mara mbili,
likageuzia shambani kwa Bi Etelvina
na kukanyaga vitunguu vyake.
Hakusema neno. Alishika mlango wa lori
kama anayempokea mgeni aliyenyeshewa.

Afisa alikuwa na glavu nyeupe, na mafua.
Alisema: mazoezi. Alisema: usiku, ukungu, mlima.
Alisema uchunguzi unaendelea.
Baba, ndani ya joho lake la sufu, aliuliza swali moja tu:
"Alikuwa amefunga mkanda?"
Afisa akatazama viatu vyake.

Mama alikuwa akiwasha mishumaa dhidi ya vita.
Aliijua kwa majina milima yenye waasi,
akaihesabu kwa vidole kila ulipochelewa kupiga simu.
Nani angemwambia kwamba kuna kifo cha kujifunza,
kifo cha Jumatano, baada ya wali na maharage,
kisicho na adui wa kumlaani?
Mishumaa ilibaki nusu sanduku.
Hajui aigeuzie wapi.

Una miaka tisa. Umefungua pampu ya shamba la viazi,
umeifunga tena, na skrubu moja imebaki mkononi.
Pampu inavuta maji kama kawaida!
Mwaka mzima ulitembea na skrubu ile mfukoni,
ukisubiri pampu iharibike
ujue ilikuwa ya wapi.

Basi jeshi lilipokuchukua hatukushangaa
kwamba lilikupa spana kabla ya bunduki.
"Rubani anaona mbele," ulitwambia Krismasi,
supu ikikuchuruzika kidevuni,
"mimi nakaa mlangoni, kichwa nje, naona mengine yote.
Mti kushoto. Waya kulia. Shuka. Shuka. Bado mita tatu."
Tangu hapo mama hakuweza kurudisha gari nyuma uani
bila wewe kumpigia kelele: bado mita tatu!
Na ukuta ulikuwa palepale.

Huku Boyacá, Jumapili, wanaume bado wanacheza tejo:
wanarusha chuma kwenye udongo,
kikigusa baruti, pa! na bia juu.
Baba alikuwa bingwa. Sasa
ikifika saa nane anafunga madirisha yote
na kusema kuna baridi.

Katika sanduku lako: wembe, soksi, daftari la mafuta.
Mwandiko wako mbaya, umejaa vema za wino mwekundu,
bolti hii, bolti ile, imekazwa, imekazwa.
Ukurasa wa mwisho, kwa penseli:
"Edilberto, elfu kumi na mbili. Nisisahau."

Nimekwenda leo. Viazi vimetoa maua ya zambarau
na tope limeniganda hadi magotini.
Edilberto alikataa. Akalia. Akakataa tena.
Nikamwambia, usimwache na deni huko aliko,
unamjua, hatalala.
Akazipokea noti, akazihesabu polepole,
akanirudishia moja ya elfu mbili.
"Ilikuwa kumi," alisema. "Alikosea."

Nimerudi kwa miguu.
Noti iko mfukoni mwa koti.
Sitaitumia.
Nasubiri nijue ilikuwa ya wapi.