Pua Ilibaki Cheyo

Kashindye alikuja na boksi jeupe
akalishika kwa mikono miwili, kama keki ya harusi.
"Baba mdogo, simama katikati ya chumba."
Tukasogeza stuli, meza, ndoo tatu za asali.
Kabati la vyombo likagoma, tukaliacha.
Akachora duara sakafuni kwa kidole kisichogusa sakafu.
"Usitoke humu."

Mimi kufunika uso si mgeni.
Miaka ishirini na sita navaa wavu
kule Ipole, napanda kwenye mizinga ya magome,
moshi mkononi, nyuki wananikagua shingo.
Nikadhani: hii nayo kofia tu.

Ilikuwa nzito kwa mbele, kama mtu
aliyekuegemea paji la uso na hataki kuondoka.
Giza. Kisha pakapambazuka mahali pasipo na jogoo.

Barafu.
Weupe wa kutoa machozi,
upepo unavuma masikioni na shati limetulia.
Nikainama kutazama miguu yangu: sina.
Sina tumbo, sina kandambili,
ni viganja viwili tu vinaelea, bila viwiko,
viganja vya kijana, havina kovu hata moja.
Nikakunja ngumi. Vikakunja.
Nikaona haya, kama aliyeazima koti
akakutana na mwenyewe njiani.

Lakini chini ya macho, pale pua inapokataa kubanwa,
palibaki ufa mwembamba,
na katika ufa ule mkeka wetu,
kidole gumba cha Milembe chenye hina,
kifuniko cha ndoo.
Na harufu! Hakuna aliyeiambia pua habari za barafu.
Ilikaa palepale Cheyo, inanusa asali ya miombo
na vitunguu vya Kabula vinavyoanza kuungua,
kwa kuwa Kabula mwenyewe yuko mlangoni, anacheka.

Kashindye akabadilisha. Ukingo wa ghorofa,
magari huko chini kama punje za ulezi.
"Piga hatua moja tu."
Magoti haya, yaliyopanda miti
ambayo nyani huifikiria mara mbili,
yakakataa.
Nikatambaa. Mtu mzima nikatambaa
juu ya saruji yangu, mifuko minne nililipia mwenyewe,
naiomba isiniangushe.

Nikavuka duara. Wavu wa buluu ukachomoza hewani,
miraba kwa miraba, nikaufurahia kama ndugu,
nikanyoosha mkono niushike.
Kabati.
Chupa ya chai ikaenda, ile ya maua mekundu.
Kimya. Kisha Kabula:
"Hiyo imevunjika huko au huku?"

Nilipovua nikauliza: Ipole ipo humo?
Kashindye akatafuta muda mrefu, kwa adabu.
"Mwezini papo. Chini ya bahari papo.
Ipole bado, baba mdogo."
Sijui kwa nini iliniuma.
Sijui pia kwa nini baadaye,
nimejilaza, tumbo linayumba kama basi la Mpanda,
nilijikuta nafurahi kidogo.

Kabula akapitisha kidole
kwenye alama ya raba iliyonizunguka macho.
Hakusema kitu. Kidole kilinukia kitunguu.

Kashindye anaondoka Jumapili.
Nimemwambia jioni aje tena na boksi lake.
Kabati nimeshalihamishia chumbani.