Vali ya Kumi na Saba

Mimi si wa kuruka. Mimi ni wa kupima.
Miaka mitatu, katika karakana chini ya milima ya Kolorado,
nimeitegea sikio vali ya kumi na saba:
tss, ikifunguka; tk, ikijifunga.
Mara elfu tisa mia nne na sita,
na kila mara nikatia alama kwa penseli,
kwa kuwa wino huganda asubuhi za Januari
na Bwana Ostrander hawashi joto kabla ya saa mbili.

Wanauita mkoba.
Mkoba gani huu, wenye uzito wa ndama wa mwaka,
midomo ishirini na minne ya kutemea gesi,
matangi mawili ya naitrojeni, na mikono kama ya kiti?
Mkono wa kushoto unaamuru: nenda, rudi, panda, shuka.
Wa kulia unageuza, unalaza, unainamisha.
Tulikuwa watu wanne kuupandisha kwenye lori,
na Teodoro akateguka kiuno.
Kule juu mzigo ndio umbebao mchukuzi.

Leo tumebanana kantini, theluji inakwaruza dirisha,
televisheni iko juu ya friji ya soda.
Huyo ni Thorsgaard, kijana wa Minesota mwenye masikio mapana.
Aliwahi kuja kutusalimia,
akaniuliza, kofia mkononi: "Mama, hii haikwami?"
Nikamjibu: haijakwama bado.
Hakucheka. Nilimpenda kwa hilo.

Sasa anafungua kulabu.
Kamba hukatikia pembamba, walisema wahenga;
juu ya asiye na kamba hawakutuachia neno.

Anaondoka polepole, mtoto atambaaye angempita,
na huku chini yake dunia inakimbia:
ukipepesa jicho, Meksiko imekwisha.
Mwenda pole hajikwai. Kweli, maana kule
hakuna jiwe, hakuna ukuta, hakuna hata upepo
wa kumshika bega na kumwambia basi.
Ukianza, umeanza.
Msukumo mdogo, wa kidole tu,
utakupeleka mpaka wajukuu wa wajukuu zako wazeeke,
usipoulipa kwa msukumo mwingine, sawa na ule,
kutoka upande wa pili.

Tuliiandika sheria hiyo ukutani kwa chaki:
GESI YA KURUDI HAIGUSWI.
Nilimsomea mume wangu siku aliyofunga mabegi.
Akacheka.
Akaenda mpaka Nevada kwa tangi zima.

Mita tisini. Anasimama.
Kijiko cha Bi Pfeiffer kimesimama ndani ya kikombe.
Kwenye kioo ni punje ya mchele
iliyodondoka juu ya kaniki,
na mtangazaji, aliyekuwa hanyamazi tangu asubuhi,
amenyamaza.

Namba kumi na saba ni ya kumrudisha.
Si peke yake, ziko nyingine, najua, michoro naijua,
lakini hakuna aliyenikabidhi hizo nyingine.
Kule hakuna hewa ya kuchukua mlio.
Hata ikifunguka, nani atatusikilizisha?
Ndipo najikuta naifanya mwenyewe kwa mdomo,
pumzi fupi katikati ya meno,
kama mtu afukuzaye kuku jikoni:
tss.
Teodoro ananitazama. Namwacha anitazame.
Tss.

Punje inasogea.
Upana wa ukucha. Upana wa kidole.
Yu njiani.

Watu wakapiga meza, soda zikamwagika.
Ostrander akalia mbele ya wafanyakazi wake
akasingizia kitunguu cha supu.
Mimi nikamaliza kahawa iliyokwisha poa,
nikarudi kwenye benchi langu.
Mkoba wa pili ulikuwa umelala pale, kifua wazi.
Penseli ileile, baridi ileile.
Nikainamisha sikio.

Tss. Tk.

Moja.