Nguo Mbili za Tandiko

Opolot, nipe ile ya kijivu.
Najua ina viraka, na Jumapili tunashindana Munyonyo,
na nyeupe imepigwa pasi tangu juzi,
imekunjwa kama shuka ya mgeni.

Lakini jana nilipoivua hiyo nyeupe
jasho lilikuwa limeacha pakavu nyuma ya bega la kushoto,
padogo, kama sarafu ya shilingi mia.
Hapo ndipo tandiko linapobana.
Mvule alilaza masikio kidogo, basi.

Ya kijivu huloa yote,
kama uwanja wetu hapa Jinja mvua ikishapita.
Waamuzi watakata alama za unadhifu.
Wakate.
Wao watamtazama dakika sita;
mgongo ni wake hata Jumatatu.