Yumo

Kamusi yangu ya shule ilisema neno hili ni dogo,
la mahali tu: chai imo kikombeni, panya yumo ghalani.
Haikuniambia kwamba Tanga
mtu aweza kuwa "yumo" kasimama barabarani,
juani, pasipo ukuta wala dari,
yumo tu, na hakuna atakayesema ndani ya nini.

Nilifika kutoka Singida na barua ya ajira:
karani wa mizani, ghala la mkonge, nyuma ya reli.
Kalamu mbili mfukoni,
shati lingali na mikunjo ya dukani.
Siku ya kwanza Bi Mwanamkasi alishika singa,
akazipitisha shavuni, macho kafumba.
"Hizi zimelala na mvua. Namba tatu."
Nikauliza, imeandikwa wapi?
Ghala zima likacheka hadi vumbi likashuka kwenye kenchi.
Shemhilu, wa mashine ya marobota,
akasema taratibu, kama mtu asomaye hali ya hewa:
"Karani wetu hamnazo."

Hamnazo.
Usiku, chumbani Makorora, nililivunja vipande:
hamna, zo. Zipi?
Humo kichwani, nilimodhani mna
hesabu zote za kidato cha sita?

Matumizi yake hayafundishwi. Huokotwa.
Mwenyewe hujisemei: anayesema "mimi nimo", hayumo.
Husemwa ukishageuza mgongo,
kwa kidevu, si kwa kidole.
Fundi baiskeli wa barabara ya kumi na mbili,
anayesikia ugonjwa wa mnyororo kabla hajauona: yumo.
Muuza kahawa anayejua nani kaposwa, nani kakataliwa: yumo,
ila akianza kusimulia bila kuulizwa, keshatoka.
Meneja hatajwi,
na kutotajwa nako ni jibu.
Ukiambiwa, sikiliza vizuri: kati ya "umo" na "humo"
pana pumzi moja tu,
kama ya mtu apulizaye uji.

Miezi saba. Vidole vikaota sugu.
Nikalijua robota lililoloweshwa
kwa mlio wake likitua sakafuni.
Nikajua kwamba chini ya mizani, upande wa kushoto,
mna washa ya bolti, unene wa sarafu;
najua nani huiweka akija mkulima mdogo wa Muheza,
nani huitoa siku ya mzigo wa meli.
Sikuuliza imeandikwa wapi.
Jioni ile, nyuma ya mgongo wangu, sauti ya Shemhilu:
"Ntandu? Aa, huyo yumo."
Nilikwenda nyumbani kama niliyevishwa joho.

Wakaguzi walikuja Jumatatu, gari jeupe, hawakunywa hata maji.
Wakapindua mizani.
Washa ikadondoka, ikabingirika,
ikajizungusha kwa madaha yake
na kulala karibu na kiatu changu.
"Nani anajua habari hii?"

Shemhilu: mimi simo.
Wapanga marobota, wote watatu: simo, simo, simo.
Kijana wa mkokoteni, ambaye hakuulizwa: jamani, mie simo!
Ghala zima lililokuwamo
likatoka, na hakuna aliyeinua mguu.

Mkaguzi akanigeukia.
Nikamkumbuka mzee mmoja wa Muheza,
alivyoikunja risiti yangu mara nne,
akaitia ndani ya kofia,
akanishukuru. Akanishukuru mimi.

Silabi mbili tu.
"Nimo," nikasema.

Na kanuni ni kanuni: anayesema nimo, hayumo.
Tangu saa ile salamu zangu zilijibiwa nusu,
vicheko vikakatika nilipoingia,
chai ikaanza kuishia kwa mtu aliye kabla yangu.

Bi Mwanamkasi peke yake, siku ya tatu,
alisogea na kiti chake karibu na mizani.
Akashika singa, akazipitisha shavuni,
macho kafumba, uso kanielekezea mimi.
"Namba moja," akasema.
Sikuuliza.