Nyuzi

Saa nne usiku, Kuriyati.
Ndani ya kisanduku cheupe nilichokichonga mwenyewe
kipimajoto kinasema arobaini na mbili nukta saba.
Nakigonga kwa ukucha. Hakitikisiki.

"Nyuzi arobaini na mbili," namwambia mama.
Anadarizi kofia, miwani imemteleza puani.
"Za rangi gani?"

Simu inalia. Tuko wanne, kila usiku baada ya Isha,
wagonjwa wa ugonjwa usio na hospitali:
Ghusaini yuko Fahudi, kwenye visima vya mafuta,
Thuraya Salala, Zahrani juu kabisa, Saiki,
kwenye mlima wa makomamanga,
na mimi hapa, baina ya mwamba na bahari,
mwalimu wa jiografia niliye likizoni.

Ghusaini anaanza, na kiburi cha mwenye msiba mkubwa:
"Hamsini na nukta moja, mchana.
Huku jasho linakauka kabla halijazaliwa.
Gari nimelifungua kwa pindo la kanzu."

Thuraya: "Ishirini na sita. Manyunyu.
Leo nimetafuta sweta."
Kwa dakika nzima hatumpendi.

Zahrani anasema "kumi na tisa" polepole,
kama mtu anayetaja mshahara wake
mbele ya wasio na kazi.

Nchi moja, sufuria moja ya wali:
huku ukoko, kule bado maji.

Kisha mimi. "Arobaini na mbili nukta saba,
na hicho ndicho kiwango cha chini.
Tangu jana haijashuka zaidi ya hapo."

Kimya. Halafu Ghusaini, ambaye hapendi kupitwa:
"Kisanduku chako kinapumuliwa na kiyoyozi."
"Kiko hatua ishirini, juu ya changarawe."
"Basi ukuta. Ukuta umekunywa jua kutwa."
"Nimekihamisha mara mbili, Ghusaini. Mara mbili."

"Upepo unatoka wapi?" Thuraya anauliza.
"Gharbi."
"Aa. Basi."
Hewa ikiteremka mlimani hubanwa,
ikibanwa hupandwa na hasira.
Sote tunamgeukia Zahrani na upepo wake.
"Ulipopita kwangu," anajitetea, "ulikuwa na adabu zake."

Tangu mwaka wa kimbunga tunajaza madaftari,
tukiisubiri rekodi kama mwezi wa Idi.
Leo umeandama,
na hakuna aliyepiga takbiri.

Nakata simu. Naenda kunawa uso.
Bomba la baridi linaunguza: tangi liko juu ya paa.
Hita tumeizima tangu Mei,
na maji yake, yaliyolala kivulini,
ndiyo baridi tuliyonayo.

Narudi uani. Ng'ambo ya ukuta, jengo lisiloisha,
na juu ya zege vijana wa Chitagongi
wamejifunika mashuka waliyoyalowesha.
Yamekwisha kukauka.
Mmoja, Rafikuli, kila usiku huniona na tochi yangu
na huniuliza kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza:
"Ustadhi, kam?"

Namwonyesha kwa vidole. Kumi, kumi, kumi, kumi.
Viwili.
Anacheka, nadhani anacheka,
na anaugeuza ubavu ulioiva
auweke juu ule mwingine.

Mama yuko mlangoni, sindano mdomoni.
Sijui amesimama pale tangu lini.
"Umemwambia zipi?"
"Nyuzi arobaini na mbili."
Anaitoa sindano, anaichoma kwenye ukingo wa kofia.
"Sebule ina kiyoyozi," anasema,
"na wewe una mdomo."

Saa kumi na moja alfajiri, arobaini na mbili nukta sita.
Nimeiandika kwa wino, na tarehe,
na kwenye safu ya mwisho, ile ya maelezo,
ambako kwa kawaida naweka mstari tu:

Upepo gharbi. Wingu hakuna.
Sebuleni watu saba, wanakoroma.
Mama anasema nizime taa.